Kompyuta Iliyooshwa Matangani

Kibanda changu cha Kilosa, kile cha karibu na stesheni ya zamani, sasa kinauza vocha na chipsi. Nilikabidhi funguo mwanzoni mwa kiangazi hiki, nikarudi nyumbani na bisibisi zangu ndani ya kikapu, na tangu siku hiyo watu hawaishi kupita mlangoni kwangu kuuliza kama bado natazama kompyuta. Huwajibu kwamba macho yamechoka. Macho ni mazima, ila kuna kitu kingine kilichochoka, nami nimeona nikieleze kwa kalamu kuliko kukieleza mlangoni kila asubuhi. Nawaandikia nyinyi mafundi vijana wa Kilosa na Mikumi, mnaojua mengi kuliko niliyoyajua mimi nilipokuwa na umri wenu, na mna haraka kuliko tulivyokuwa sisi. Habari za vyeo msizitafute hapa. Fundi wa kompyuta za majumbani hana cheo, ana wateja tu, nao humkumbuka siku mashine ikigoma kuwaka.

Nilianzia kwa Mzee Salehe, aliyekuwa akitengeneza redio na taipureta. Siku ya kwanza alinipa redio bubu ya mama mmoja muuza vitumbua, akanikataza kuifungua. "Kaa na mwenyewe kwanza," alisema. "Muulize ilianzaje kuumwa. Ukishajua ilianzaje, ndipo ushike bisibisi." Nikamuuliza yule mama. Alizungukazunguka sana, mwishowe akakiri kwamba redio ilinyamaza siku mumewe alipoirushia kiatu. Nilipoifungua nikakuta waya wa spika umeachia, basi. Ningeanza na bisibisi ningeshinda kutwa nzima natafuta ugonjwa ambao haukuwapo.

Wateja wakinikuta peke yangu walikuwa wakiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Mwanzoni niliumia. Baadaye nikajifunza kujibu kwamba fundi katoka kidogo, kisha nawatengenezea mashine yao mbele ya macho yao huku wakimsubiri. Wengine waliondoka wakiniachia salamu zake.

Kompyuta zilipoanza kuingia mjini zilikuwa zile zenye kioo cha kichogo, zilizokwisha kuchakaa maofisini Dar na Morogoro kabla hazijatufikia sisi. Ya kwanza kuletwa kwetu Mzee Salehe aliizunguka, akaigonga mgongoni kwa kidole, akasema hiyo ni taipureta yenye kiburi. Hakuigusa tena mpaka anaingia kaburini. Mimi alinipeleka kozi fupi Morogoro, na niliporudi akanisogezea meza ya upande wenye mwanga. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema kwamba zamu yake imekwisha. Sikumshukuru ipasavyo, na sasa sina wa kumshukuru.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Bisibisi ya nyota, brashi ya rangi ya kufagia vumbi, diski za kuwashia nilizozifunga kwenye kipande cha khanga zisikwaruzike, na ufutio wa penseli. Ufutio msiudharau. Kompyuta ikipiga mlio na kioo kikabaki cheusi, kabla hujamwambia mtu kwamba mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa, chomoa ram, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, isugue miguu yake ya shaba kwa ufutio taratibu, irudishe mahali pake. Huku kwetu vumbi na joto ndivyo vinavyoua, pamoja na mijusi. Nimetoa mijusi iliyokauka ndani ya masanduku ya umeme mpaka nikaacha kushtuka. Mjusi hupenda kulala penye joto, umeme wetu ukikatika na kurudi kwa nguvu humkuta hapo, wakafa wote wawili, yeye na mashine.

Kuna mzee mmoja Mparakuyo alishuka kutoka malishoni akiwa amefunga kompyuta ya mwanawe kwenye shuka nyekundu. Kila ikiwashwa ilionyesha tarehe ya zamani, miaka kabla mwanawe hajazaliwa, kisha ikagoma kufungua karibu kila kitu. Aliniuliza kwa utaratibu kabisa kama mashine inaweza kulogwa. Nikaifungua, nikatoa ile betri ndogo ya duara, nikaweka mpya, tarehe ikakaa sawa. Mzee aliiweka betri mfu kiganjani, akaitazama sana. "Kwa hiyo kikifa hiki, inasahau miaka yote iliyopita?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu. "Afadhali yake," alisema, akaondoka na mzigo wake. Sikumwuliza kilichomsibu, maana namna alivyolisema neno lile haikunipa nafasi ya kuuliza.

Sasa nije kwenye tabia yetu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Sisi mafundi wa huku tuna dawa moja ya magonjwa yote: kupiga window. Kompyuta nzito, piga window. Spika hazisikiki, piga window. Fleshi imeleta virusi, folda zote zimegeuka vivuli, piga window. Tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo endeshi mpya, mashine inaruka, mteja anafurahi, na sisi tunaonekana waganga. Siwalaumu. Mteja mwenyewe husimama mlangoni akitazama saa. Lakini kazi ina njia yake. Iwashe kwanza katika hali salama, uone kama inatulia. Toa programu iliyoingia mwisho. Irudishe kwenye siku ilipokuwa nzima. Sikiliza diski kwa sikio; ikitoa mlio wa kukwaruza usiihangaishe, iokoe. Na ukishindwa na yote hayo, hamisha mali za mwenyewe kwanza, ndipo upige hiyo window yako.

Haya nilimfundisha Maganga kama nilivyofundishwa. Maganga ni Mnyamwezi, alikuja kwangu kijana mwembamba mwenye maneno mengi, na katika wote waliopita mikononi mwangu sijaona mwenye mikono myepesi kama yake. Alipokomaa akafungua duka lake Mikumi, pale malori yanapolala, akawa fundi wa madereva na wa nyumba za wageni. Dereva hakai. Anataka kompyuta yake kabla injini haijapoa, kesho ana Iringa. Maganga akazoea kasi ya barabara kuu, na sikumlaumu kwa hilo, maana kila duka hufuata wateja wake.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Mwalimu Elia wa Zombo, kijiji cha kati ya Kilosa na Mikumi, mwalimu mstaafu, Msagara, mtu wa Kanisa la Anglikana tangu utoto wake katika shule ya misheni. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo, na hao wawili waliuchukulia utani wao kama kazi ya pili. Maganga akifika Zombo huanza kutukana tangu barabarani, anauliza kama yule mzee mwizi wa mihogo angali hai. Mwalimu humjibu kwamba kwao hawazikwi na Wanyamwezi, watu wanaofukia na koleo. Wakichoka hunywa chai. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa ya mezani, ya kizamani, mwanawe wa Dar ndiye aliyemnunulia, na Maganga aliitunza kama yake.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kuitunza. Mkewe, Bibi Matilda, alipofuka kwa presha ya macho. Alikuwa mwanamke wa kusoma Biblia kila jioni, na giza lilipomfunga akawa hana la kufanya jioni zikifika. Mwalimu akaanza kumsomea, lakini si Kiswahili cha kitabuni. Alifungua Biblia ya Kiswahili, akatazama mstari, akausema kwa Kisagara cha milimani kwao, kile walichoposana nacho. Kifua kilipoanza kumsumbua akanunua maikrofoni ndogo, akawa anasoma mchana mbele ya kompyuta, sura baada ya sura, mkewe akiwa nje ya dirisha akichambua maharage. Alimwambia ni akiba ya siku atakazokuwa hospitali Morogoro. Jioni binti yao Yudithi, aliyekuwa akiishi nao, anabonyeza, mama anasikiliza. Mwalimu alipokwenda hospitali kweli, sauti ikabaki nyumbani. Alirudi akiwa maiti.

Msiba wa Mwalimu ulijaa watu. Sikwenda, sikuwa nikimjua kiasi hicho, haya nimesimuliwa na Yudithi. Watani walikuja kwa wingi, wakafanya kazi yao: wakalala njiani jeneza lisipite, wakavaa makoti ya marehemu na kuigiza anavyotembea, wakawachekesha watu waliokuwa wamekwisha kulia mpaka sauti zimekauka. Siku ya kuanua matanga wakafagia ua, wakazikusanya nguo zote za marehemu, wakaenda nazo mtoni wakazifua, zigawiwe safi. Maganga alikuwa mbele yao. Baada ya nguo aliinyakua kompyuta, akaifunga nyuma ya pikipiki huku akitangaza kwamba naye ana cha kuosha, watu wakapiga vigelegele. Alirudi nayo kesho yake. Vumbi limetoka, kioo kinang'aa, picha ya twiga imetanda mbele. Wakampigia makofi.

Bibi Matilda hakujua. Siku zote za msiba nyumba ilikuwa imejaa, naye hakutaka kumsikiliza mumewe mbele ya watu. Alivumilia akingoja wageni waondoke. Jioni ya kwanza walipobaki wawili, alikaa kwenye kiti chake akamwambia Yudithi, "Haya, niwekee baba yako."

Ndivyo Yudithi alivyofika kwangu Kilosa, na lile sanduku la kompyuta ameliviringishia blanketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu."

"Asante, tumeshapoa." Akalikunjua blanketi. "Mama anataka sauti ya baba. Nimetafuta kila mahali. Kuna twiga tu."

Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikamwuliza ilianzaje. Alipofika kwenye pikipiki na vigelegele nilikwisha kuelewa. Nilimpigia Maganga hapo hapo.

"Maganga, kompyuta ya Mwalimu Elia uliifanyaje?"

"Niliisafisha, mama. Window mpya, nimefuta C na D yote. Si umeona inavyoruka?"

"Uliuliza ndani mna nini?"

Nyuma yake lori lilikuwa likipiga honi. "Mama, ile haikuwa kazi ya duka. Ilikuwa kazi ya utani. Nguo ya marehemu haigawiwi na jasho lake. Nani anaiuliza nguo kabla hajaifua?"

Nilipomwambia kilichokuwamo nilidhani simu imekatika, nikamwita, akaitika kwa sauti ambayo sikuizoea kwake. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nikashindwa. Alikuwa amefanya kwa mapenzi kila alichoagizwa na desturi yao, na kwa mapenzi hayo hayo akawa amemzika yule mzee mara ya pili.

Niwaeleze kazi yenyewe, huenda ikawafaa. Kufuta faili ni kung'oa kibao chenye jina la mwenye shamba. Mazao yangali humo. Kupiga window ni kulima juu yake. Kwa hiyo mtu akikuletea diski iliyofutwa, usiiwashe ndani ya mashine yake, kila unapoiwasha unaongeza jembe. Ichomoe, ifunge kwenye mashine nyingine, ichukulie nakala yote kama ilivyo, na uchimbe kwenye nakala. Nilifanya hivyo. Diski ya Mwalimu ilikuwa na vyumba viwili, C na D. Usomaji wake aliuhifadhi C, na C ndiko Maganga alikolima. Mfumo mpya ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Nilipata vipande vya sauti vilivyokatika kabla neno halijaisha, mlio, pumzi, mlio tena. Nilivisikiliza vyote. Hakuna hata mstari mmoja uliosalimika.

Chumba cha D kilifutwa tu, hakikulimwa, na huko programu ikanirudishia folda nzima na jina lake: Mabovu. Iliyokuwamo ni sauti ya Mwalimu. Nilifurahi, nakiri, nikainuka kwenye kiti. Kisha nikafungua ya kwanza. Alianza kusoma, akafika mahali sauti ikapasuka, akakohoa, na kikohozi hakikuisha. Kikafuata kitu kingine, sauti ya mtu mzima anayeumia akidhani yuko peke yake. Kiti kikaburuzwa. Akarudia neno moja la Kisagara mara nyingi, pole pole, kisha akazima. Nikafungua ya pili, ni vile vile. Katika nyingine alikikaba kikohozi kisisikike, na kulikuwa na mwanamke anayesema kwa ukali kutoka mbali, na Mwalimu akimjibu kwa upole. Mimi mtoto wa reli, kwetu ni Kiswahili, sikuelewa wanachosema. Lakini kilichokuwa mbele yangu nilikielewa. Mwalimu aliposhindwa kusoma sura, sura ile iliyoharibika aliitenga huku, ajue mahali pa kurudia, na aliporudia vizuri akaifuta; programu ilionyesha faili zile zilikwisha kufutwa kabla Maganga hajaigusa diski. Alichomwekea mkewe kimepotea. Kilichorudi ni kile alichomficha.

Kwa siku kadhaa sikufanya kazi nyingine. Mtu akifuta kitu, hilo nalo ni neno lake, na huyu hakuwapo tena tumwulize kama angali nalo. Ningeweza kumwambia Yudithi kwamba hakuna kilichopatikana, naye angeamini, Maganga angeamini, na mimi ndiye peke yangu ningejua. Miaka yote nilidhani swali gumu katika kazi hii ni kama kitu kinarudi au hakirudi. Hakuna aliyenifundisha la kufanya kitu kikirudi na mwenyewe alikwisha kukikataa. Niliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta zaidi ya mara moja. Mwishowe nikaona kwamba ya Mzee Salehe yangali pale pale: muulize mwenyewe. Na mwenyewe aliyebaki alikuwa mmoja.

Nikapanda basi la Mikumi linalopita kijiji cha Ulaya, nikashuka Zombo. Maganga alikuwa amekuja kutoka upande wa pili, ananisubiri barabarani na pikipiki yake. Alinipakia na sanduku mpaka kwa Mwalimu bila kusema kitu, na tulipokaribia nyumba hakutukana mtu. Watoto wa jirani waliokimbia kumpokea wakisubiri matusi yake walirudi nyuma. Alinishusha, akabeba sanduku mpaka mlangoni, akakataa kuingia. Akakaa barazani na kofia yake mkononi.

Huenda wengine hamlijui hili: mtani hakasirikiwi. Akikuvunjia chungu utacheka, akikutukania wazazi utacheka. Bibi Matilda hakuwa na ruhusa ya kumkasirikia Maganga, wala watoto wake hawakuwa nayo. Walikuwa wamepoteza kilichobaki cha mtu wao, na aliyekipoteza ni mtu pekee ambaye desturi iliwakataza kumlaumu. Yudithi aliniambia mama yake tangu siku ile hakumtaja Maganga kwa jema wala kwa baya.

Bibi Matilda alikuwa kitini, mwanamke mdogo aliyenyooka, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umemleta?"

"Nimeleta kidogo, mama, na si kile ulichokizoea." Nikamweleza kila kitu. Nilimwambia alichosomewa kimepotea chote na hakitarudi, nisimwache na matumaini. Nikamwambia yaliyorudi ni yale ambayo Mwalimu aliyafuta mwenyewe.

"Aliyafuta yeye?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ndani yake anaumwa sana, mama. Nadhani hakutaka uyasikie."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, haikusogea. "Mimi nilikuwa mke wake au mgeni wake?" aliuliza, na sidhani aliniuliza mimi.

"Uamuzi ni wako. Ukisema niyafute, nitayafuta hapa hapa, na sitamsimulia mtu."

"Mimi sioni, mwanangu. Kila mtu ananificha vitu, na hawapati taabu. Washa."

Nikaunganisha nyaya, nikaweka spika karibu na kiti chake, nikawasha. Mwalimu Elia akaanza kusoma chumbani mwake mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja. Kikohozi kilipokuja hakushtuka, alisikiliza mpaka mwisho, mpaka lile neno linalorudiwa, mpaka mlio wa kuzima. Yudithi alikuwa amesimama mlangoni na upande wa khanga mdomoni. Nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu. Ilipofika ile yenye sauti ya mwanamke, mama akainua kiganja.

"Irudishe."

Nikairudisha. Yule mwanamke wa mbali akafoka tena, Mwalimu akajibu tena.

"Huyo anayefoka ni mimi," alisema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. "Nilikuwa dirishani na maharage. Namwambia anasoma kwa uvivu, kila siku anakatiza sura katikati. Namwambia kama amechoka kunisomea aseme, nisisubiri bure."

Nilimwuliza Mwalimu alimjibu nini.

"Anasema nisamehe, kesho nitasoma vizuri." Akavuta pumzi. "Na kesho yake alisoma vizuri, sura nzima bila kukatiza. Nilifurahi. Nilidhani nimemtia adabu."

Yudithi akatoka nje. Mimi nikabaki nimeshika waya wa spika, na niliona aibu ya kuwa fundi, aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku nilizoshindwa kazi kabisa. Nilimleta mumewe nyumbani, na hiki ndicho nilichomletea. Nilimwuliza kama nifute. Akatikisa kichwa.

"Utamwonyesha Yudithi pa kubonyeza," alisema. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni. "Mtani wangu yuko nje. Nimesikia pikipiki yake, na sijasikia mdomo wake. Mwambie aingie."

Maganga aliingia, akasimama mbele ya kiti, mtu mzima mwenye duka lake, hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo bibi," alisema. Kabla ya siku ile hakuwahi kumwamkia kwa adabu, na wote watatu tulilisikia hilo.

"Sikukuitia shikamoo," alisema Bibi Matilda. "Nimeelemewa, Mnyamwezi. Fanya kazi yako. Nitukane."

Maganga alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kwa sababu maneno alikuwa nayo maisha yake yote, nyumba hii ndiyo aliyoyazoea zaidi. Hakikutoka kitu. Mama alingoja, akangoja tena, kisha akaona amsaidie.

"Basi nitaanza mimi," alisema, na sauti yake ilijaribu kupanda juu, kama inavyopandishwa matangani ili watu wote wasikie. "Wenzako wakienda mtoni hufua nguo za marehemu. Wewe umemfua na marehemu mwenyewe."

Hakucheka mtu. Kwa desturi, mtani akirushiwa neno hulirudisha, tena papo hapo, kwa neno kali kuliko hilo, ndipo msiba unapata kusogea. Tukamngoja Maganga ajibu.